Uliza Fundi: Gemu za kutikisa mkono zina raha au zinaharibu?

Karibuni tena wapendwa. Toleo lililopita niligusia kidogo tu zile rimoti za Wii, ile mashine ya gemu ya Nintendo, nilizoletewa hapa kwenye meza yangu Soko Kuu Mtwara, sikutegemea kabisa kama mistari miwili ile ingeamsha watu, meseji zimekuja kutoka Lindi, Masasi, Mikindani na hapahapa mjini, na nyingi zinabishania jambo moja, kwamba gemu za mosheni, hizi ambazo unatikisa au unainamisha kitu badala ya kubonyeza batani, zinanogesha au zinaharibu. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwasababu humo ndani kuna hela ya mtu.

*

*Shikamoo Fundi. Mi nina banda la gemu hapa Lindi mjini, nina PS3 mbili na PS4 moja, wateja wangu wakubwa ni vijana wa mpira, mechi moja jero. Sasa kuna jamaa anauza Nintendo Wii ya mtumba na rimoti zake nne, anasema imetoka Japani ikiwa ndani ya gari, nikaenda kuijaribu kwake nikacheza tenisi na ule mchezo wa kuviringisha mpira uangushe pini, raha sana yani mpaka jasho. Ila nilivyowaambia vijana wa bandani wamenicheka, wanasema gemu za kutikisa mkono ni za watoto, ndo zilizoharibu gemu na ndo maana zilikufa. Nani yuko sahihi? Na je ninunue?*
*Mwenye Banda, Lindi*

Marahaba mdogo wangu. Kabla ya ubishi tuongelee waya kwanza. Kama kweli imetoka Japani, geuza adapta yake usome maandishi madogo ya nyuma. Adapta ya Wii ya Japani imetengenezwa kwa umeme wa volti 100 na hapa kwetu ukutani zinatoka 230, ukichomeka hivihivi umeiunguza, mi nimeshapokea mezani mbili za hivyo zinanuka moshi kabla sijagusa hata skrubu. Mashine yenyewe inakula volti 12, kwahiyo ukipata adapta ya Wii ya kuchomeka kwenye 230 umepona. Cha pili, Wii inabagua CD kwa kanda, ya Japani inasoma za Japani, ya Ulaya za Ulaya, na maandishi ya Kijapani yatawashinda wateja wako. Muulize ana CD zipi, aziwashe zote mbele yako, moja moja, usikubali kuambiwa "nyingine ziko nyumbani".

Haya sasa ubishi. Vijana wako wanasema zilikufa. Wii ilitoka mwishoni mwa 2006 na mpaka inaachwa kutengenezwa zilishauzwa zaidi ya milioni 101 duniani, iliuza kuliko PS3 hiyohiyo wanayoigombania bandani kwako. Sio kitu cha kuita cha watoto. Iliuza kwasababu iligusa watu ambao pedi iliwafungia mlango.

Ngoja nikupe mfano wa nyumbani. Shangazi yangu yuko Mikindani, anauza pweza, mikono yake imezoea kazi. Idi moja tulimpa pedi ya PS, akaigeuzageuza, akauliza "sasa nitazame vidole au nitazame tivi?", akairudisha akaenda zake jikoni. Idi iliyofuata nikaja na Wii. Nikamvalisha kamba mkononi, nikamwonyesha batani moja tu ya chini, shika, rudisha mkono nyuma, peleka mbele, achia. Mpira wa kwanza ukapinda ukaingia mfereji wa kushoto. Wa pili vilevile. Akatulia, akautazama mkono wake, akasema "kiganja changu kinalala", akakinyoosha, wa tatu ukaangusha pini zote kumi na watoto wakapiga kelele mpaka majirani wakaja kuchungulia. Hakuna mtu aliyemwambia kuhusu kiganja. Mkono ulikosea, gemu likamwonyesha mkono ulikosea wapi, akarekebisha. Mi hapo ndo nilipoelewa hii kitu ni ya nini.

Lakini vijana wako nao hawajasema uongo, na hapa naomba uvumilie kidogo maana inabidi tufungue rimoti.

Ndani ya ile rimoti ya 2006 kuna kichipu kidogo kuliko ukucha kinaitwa akselerometa. Humo kuna kipande cha silikoni kimening'inia kwenye spring nyembamba sana, ukitikisa kinabaki nyuma kidogo, umeme unapima kimesogea kiasi gani. Basi. Kinajua umesukuma kwa nguvu gani na kinajua chini ni wapi, ila hakijui mkono wako uko wapi wala umegeuka vipi kwa uhakika. Na mbele ya rimoti kuna kamera inayotazama taa mbili za mwanga usioonekana kwenye ule upau unaowekwa juu au chini ya tivi. Watu wengi wanadhani upau ndo unapokea kitu, hapana, upau ni taa tu. Siku upau wangu ulikatika waya niliweka mishumaa miwili mbele ya tivi nikaacha nafasi kati yake, rimoti ikafanya kazi usiku mzima.

Sasa kilichotokea baada ya Wii kuuza ni kwamba kila mtengeneza gemu akataka na yeye atikise. Alikuwa na gemu lake zuri la batani, akatoa batani moja akaweka "tikisa". Chukua Donkey Kong Country Returns ya 2010, gemu la nyani anayeruka mashimo, tamu sana, lakini kumbingirisha lazima utikise rimoti. Batani ukibonyeza kidole kinajua sekunde hiyohiyo kwamba imeingia. Kutikisa lazima mkono uondoke, ufike nguvu fulani, mashine iamue kwamba huyu katikisa kweli au kajikuna tu, na wakati inaamua we ushaanguka shimoni. Na utikise kwa nguvu utikise taratibu, nyani anabingirika vilevile, yani mkono wako haukusema chochote cha zaidi. Hapo ndo watu walipochoka na mi nimechoka nao pamoja. Wakajifunza kukaa kwenye kiti na kuchezesha kiganja tu kama anafukuza nzi, na walikuwa na haki, kwasababu gemu halikuomba zaidi ya hapo.

Na sio Nintendo peke yao. Hiyo PS3 yako ilipotoka 2006 pedi yake ilikuwa na mosheni ila haina mtetemo kabisa, mtetemo ulirudi mwaka uliofuata kwenye DualShock 3. Wakatoa gemu la kuruka na joka linaitwa Lair, 2007, ukitaka kumgeuza joka lazima uinamishe pedi nzima, analogi, kile kijiti cha kuelekeza, ipo hapohapo chini ya kidole gumba na hairuhusiwi. Watu walilalamika mpaka 2008 wakaleta sasisho la kuruhusu analogi. Alafu 2010 ikaja Kinect ya Xbox, mashine ya Microsoft, hiyo ndo haina pedi kabisa, kamera inakutazama mwili mzima. Kwa kucheza dansi ni nzuri, nasema kwa moyo mmoja ni nzuri. Ila kwa gemu la kutembea, utatembeaje bila pedi na umesimama palepale? Na ilitaka nafasi, kama mita 1.8 mtu mmoja, mita 2.4 watu wawili, banda gani la Lindi lina hiyo nafasi na wateja wamejaa kwenye benchi. Microsoft waliacha kuitengeneza 2017.

Kwahiyo jaribio langu ni hili na nataka ulifanye kwa huyo jamaa kabla hujatoa hela. Fanya mwendo uleule mara mbili, mara ya kwanza kwa nguvu, mara ya pili nusu na umepindisha kiganja. Kama gemu limejibu tofauti, hiyo mosheni ina kazi, inabeba kitu ambacho batani haiwezi kukibeba. Kama limejibu sawasawa, hiyo ni batani imevalishwa nguo ya mosheni na bora wangekuachia batani yako. Ule mchezo wa pini uliocheza unafaulu. Ule wa nyani unafeli.

Kuna moja inakaa katikati na mi naipenda japo najua wanaoichukia, gemu la Wii la kupigana kwa panga, The Legend of Zelda: Skyward Sword ya 2011. Ili uicheze lazima rimoti iwe na jairo, kile kifaa cha kupima mgeuko ambacho Nintendo walikiongeza 2009 kama kipande cha kuchomeka chini. Humo adui anakinga panga lake upande mmoja, ukikata upande aliokinga unaumia we, lazima uone uwazi uko wapi alafu mkono upite hapo, juu, chini, mshazari. Mkono unafikiri. Ila ukicheza muda mrefu panga linaanza kupotea mwelekeo na unalazimika kulirudisha katikati, na mtu mwenye bega bovu ndo basi tena. Ilipotolewa upya 2021 kwa Switch, mashine mpya zaidi ya Nintendo, waliweka uchaguzi, ukitaka tikisa, ukitaka tumia analogi. Miaka kumi imepita ndo wanatoa ruhusa ambayo ilitakiwa iwepo siku ya kwanza.

Sasa banda lako. Ukiinunua usiiweke kwenye mstari wa mechi za jero, wateja wako wa mpira hawatahama na usiwalazimishe. Iweke kona ya mwisho, lipisha kwa nusu saa, iwe ya familia na watoto Jumapili na sikukuu. Uso wa banda usielekee jua, Lindi asubuhi jua linapanda kutoka baharini linaingia moja kwa moja, ile kamera ya rimoti ikiona jua au mng'ao wa bati inachanganyikiwa na mshale utaruka hovyo. Kamba za mkononi kagua zote nne, za mwanzo zilikuwa nyembamba zikakatika watu wakatupa rimoti kwenye tivi, Desemba 2006 Nintendo wenyewe ilibidi wabadilishie watu nene. Na fungua mfuniko wa betri uangalie zile bati, kama zina unga wa kijani ni betri zilivuja, hewa yetu ya chumvi inamalizia, unasugua na siki kidogo kwenye pamba ukaushe vizuri. Akikubali kushusha bei na CD zinasoma, nunua.

*

*Fundi, PS4 nayo ina mosheni? Kuna mtu kanibishia. Na kama ipo mbona sijawahi kuiona kwenye mpira?*
*Mbishi wa Masasi*

Ipo. Pedi ya PS4 ya asili ina akselerometa na jairo ndani, ukiandika jina kwenye kibodi ya kioo bonyeza analogi ya kulia uinamishe pedi utaona inachagua herufi. Kwenye mpira hujaiona kwasababu haina kazi pale, na sioni kosa, pasi ya mpira inataka kidole. Ila hizi pedi za bei chee zilizojaa madukani nyingi nikizifungua hicho kihisi hakipo kabisa japo boksi limeandikwa kipo, kwahiyo inawezekana nyie wote wawili mko sahihi, kila mtu na pedi yake.

*

*Mambo vipi bro Fundi. Mi mwanafunzi niko Mikindani nacheza PUBG, lile gemu la kupigana risasi, kwenye simu. Nikiwasha jairo lengo linatembea lenyewe polepole kwenda kulia hata kama simu imetulia. Alafu washikaji wanasema kutumia jairo ni wizi, wananitoa kwenye skwadi. Nifanyeje?*
*Lengo Linahama*

Poa mdogo wangu. Wizi ni kuingiza programu ya nje ikulengee, jairo iko ndani ya setingi za gemu lenyewe na kila mchezaji anaiona. Waambie hivyo, na waambie waijaribu wiki moja.

Kwa mtazamo wangu humu kwenye jairo ndo mosheni ilipokuja kupata nyumba yake, kimyakimya, bila matangazo. Kidole gumba kwenye kioo kinafanya vizuri safari ndefu, kugeuka nyuma, kutazama mlimani, lakini ule upande wa mwisho wa kusogeza lengo unywele mmoja kidole kinashindwa, kinateleza na jasho, kinaziba hata unachokilenga. Kiganja kinaweza. Unapeleka kwa kidole, unamalizia kwa kiganja. Wanaocheza Splatoon ya Nintendo tangu 2015 wanalenga hivyohivyo. Lifanyie lile jaribio nililompa Mwenye Banda, geuza simu kidogo na geuza sana, utaona linajibu kila kipimo.

Kuhama kwa lengo sasa. Jairo haipimi umeelekea wapi, inapima unageuka kwa kasi gani, alafu simu inajumlisha zile kasi ili ijue umefika wapi. Kama simu imetulia mezani lakini jairo inasema "nageuka kidogoo sana", huo uongo mdogo unajumlishwa kila sekunde na ndo hilo lengo linalotambaa kwenda kulia. Weka simu juu ya meza tambarare isitikisike, iache sekunde kadhaa, na kama setingi za simu yako zina sehemu ya kusawazisha kihisi ifanye hapohapo. Usicheze huku unachaji, simu ikipata moto kosa linabadilika. Anza na ule uchaguzi wa jairo kufanya kazi ukifungua skopu (darubini ya bunduki) tu, ukizoea ndo uiache muda wote. Na kama unacheza ndani ya bajaji toka Mikindani kuja mjini zima kabisa, kwasababu bajaji ikikata kona jairo inajua umegeuka we.

Kuna simu za bei nafuu hazina jairo hata moja, zina akselerometa tu ya kugeuza kioo, kwahiyo mshikaji ambaye kwake "haifanyi kazi" huenda hana kifaa, msimseme.

*

*Mwanangu Fundi, natumai u mzima. Mimi ni mtu mzima niko Chikongola. Mwaka juzi nilianguka mnazi, mkono wa kushoto ukavunjika ukaungwa, lakini vidole havifungi na bega halipandi. Wajukuu wangu waliletewa Nintendo Switch na mjomba wao wa Dar, wana gemu la michezo, ule wa kuangusha pini nawafunga kwa mkono mmoja wa kulia na wananiita bingwa. Wakibadilisha wakaweka mpira au gemu nyingine, inataka mikono miwili, wanacheza wao mimi nabaki kutazama. Je kuna namna au nikubali tu pini?*
*Babu wa Chikongola*

Shikamoo baba. Pole sana na mkono, na hongera kwa kuwafunga wajukuu, hao usiwaonee huruma.

Swali lako ndo lililonifanya niandike ukurasa wote huu. Watu wakibishana mosheni nzuri au mbaya wanabishana kuhusu raha tu, wanasahau kwamba mkono wa kila mtu sio sawa. Kwako wewe kitu kilekile kimefungua mlango na kimefunga mwingine. Pedi ya kawaida inataka vidole kumi vizima, hukuweza, mosheni ya pini ikataka mkono mmoja ukaweza. Alafu gemu jingine linataka mikono miwili itikisike pamoja na hakuna njia ya pembeni. Batani ikikushinda, Switch tangu 2020 inakuruhusu kwenye setingi kuihamisha, batani ya kushoto ikafanya kazi kulia. Kutikisa hakuhamishiki. Gemu likisema tikisa na halikuweka uchaguzi, umeachwa nje, na mi hilo nalilaumu kabisa bila kupepesa, sijali gemu lenyewe ni zuri kiasi gani.

Sasa tufanye hivi. Kama gemu la wajukuu ni Nintendo Switch Sports ya 2022, tenisi, badminton na voliboli zote zinachezwa na kipande kimoja cha pedi (pedi ya Switch inagawanyika viwili) kwa mkono mmoja, waambie wakuwekee hizo, na kwenye ile ya mapanga chagua panga moja sio mawili. Kamba ya mkononi uivae na uikaze, mwambie mjukuu mmoja akukazie maana kwa mkono mmoja haikazi vizuri. Gemu zile za kawaida kwanza wafungue setingi za gemu, sehemu ya kontro, watafute kama kuna namna ya kuzima mosheni, nyingi za siku hizi zipo, watoto hawaingiagi humo kwasababu hawajawahi kuhitaji.

Na mpira, baba, wa kukimbia uwanjani unataka vipande viwili hapo sikudanganyi. Lakini humohumo kuna wa kupiga shuti golini. Kwenye boksi la gemu hilo likiwa la kadi, sio la kupakua, kunakuwa na mkanda wa kunyumbulika wenye kifuko, watoto wengi wanautupa wakidhani ni wa kufungia tu. Unaingiza kile kipande cha pedi ndani ya kifuko, unaufunga pajani, unasimama mbele ya tivi, krosi inakuja na unapiga kwa mguu. Mikono yote miwili haina kazi. Waulize wajukuu mkanda uko wapi, na kama wameupoteza njoo Soko Kuu hapa nipime paja lako, nina lastiki na mashine ya kushonea ya jirani yangu, tunautengeneza siku hiyohiyo.